Masikio yetu si mali ya sosiete

Ndugu wafanyakazi wa mines, na ninyi bamama wenye kutungojea ku nyumba,

Kuko mutu kwenu mwenye kufungulia televizyo nguvu mpaka jirani anafuata habari bila kulipa courant? Mutoto anamuita mara tatu, hajibu, kisha anakasirika: "Munanong'ona nini?" Tunacheka, tunasema mzee amekuwa kichwa nguvu. Sisi wa sindika tumeacha kucheka.

Mwenzetu mumoja, miaka 18 mu kazi ya kutoboa mawe, hakusikia kamyo yenye kurudi nyuma. Honi ilikuwa inalia, sisi wote tulisikia. Shofere ndiye aliona kaske yake katika kioo, akafunga freni. Ile usiku mwenzetu alituambia kama siku nyingi alikuwa anaangalia tu midomo ya chef. Tukamuuliza sababu gani hakusema. "Nikisema, kesho niko nje."

Makelele haitoboi sikio sawa msumari. Inaua pole pole vinywele vidogo sana vya ndani, na vikikufa havioti tena. Mutu anapoteza kwanza sauti nyembamba. Anasikia kama unasema, lakini hajui unasema nini. Waganga wanahesabu 85 desibeli kwa masaa 8 kuwa mwisho wa kuvumilia. Ikipanda 3 tu, saa inakatwa nusu. Kwa 100, inabaki dakika 15. Na mashini ya kutoboa mawe inapita 100, kila mutu aliyeishika anajua. Bushoni za masikio wanatupa, ndiyo, lakini ni nani alitufundisha namna ya kuziingiza vizuri?

Sasa, kupima masikio haiombi tena chumba kikubwa cha lupitalo ya Lubumbashi. Telefone moja, ekuteri zilizopimwa sawasawa, na infirmiye aliyefundishwa siku chache. Unasikia mulio mudogo, unainua mukono. Matokeo yanaenda kwa mtandao mpaka kwa munganga wa masikio mwenye kuwa mbali, anaonyesha nani inaomba asafiri na nani anahitaji tu kutolewa uchafu wa sikio. Kwa mutu wa Fungurume ao wa kijiji nyuma ya Kolwezi, hii ni tofauti ya siku mbili za safari na feza ya chakula cha nyumba. Afrika ya Kusini wanatumia njia hii. OMS nayo ilitoa mwaka 2019 programu ya bure, hearWHO: unasikia hesabu tatu katikati ya makelele, unaandika ulichosikia. Kwetu huku, ambapo bei ya soko tunaisema Kifaransa na matusi Kiswahili, tunapendelea ile ya mulio: haichagui luga.

Telefone haiponyeshi mutu. Na chumba kikiwa karibu na groupe electrogène, kipimo ni cha uongo. Lakini mutu asiyepimwa hata siku moja, nani atamuamini siku ya kudai haki yake kwa CNSS? Atajibiwa kama alifika kazini na masikio yake mabaya. Kwa hiyo tunataka kipimo cha kwanza siku ya kuingia kazini, kisha kila mwaka, na karatasi ibaki mu mukono ya mufanyakazi.

Hapo ndipo tutagombana. Matokeo yakienda moja kwa moja kwa ofisi ya wafanyakazi, hakuna mutu atainua mukono kwa kweli. Wote tutainua hata pasipo mulio. Munganga amwambie mukubwa jambo moja tu: huyu asiwekwe tena karibu na mashini fulani. Mushahara usiguswe. Bila kuandika hivyo, sisi wenyewe tutawaambia wenzetu wasiende.

Kupima wafanyakazi ni deni la sosiete. Lakini bibi zetu, batoto wenye kutoka usaha mu masikio, wachimbaji wa mikono na bamama wenye kuvunja mawe hawana mukubwa wa kudai. Kwa hao, sheria ya mines ya 2018 inalazimisha kila sosiete kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji. Tunajua mahali feza hiyo inaonekana: vibao vikubwa, jengo lenye kupakwa rangi siku ya kukata utepe. Telefone chache na ekuteri haziwezi kumaliza hiyo feza.

Tutaweka jambo hili kwenye meza ya mkutano na wakubwa. Mbele ya hapo, bamama, ninyi munajua kutupita sisi nani hasikii ku nyumba. Mumwambie delege wa sindika, hata bwana akikataa. Jina lake halitafika kwa chef.