Tusikaushe moyo wa bonde

Ndugu wakulima, kila mwanzo wa mwaka, mvua ikishakatika, majembe yanashuka bondeni. Hapa Bunia na pembeni yake mabonde ndiyo yanaokoa kiangazi: lengalenga, shu, nyanya, mahindi mabichi ya kuuza wakati kilimani hakuna kitu. Na kila mwaka kwenye mikutano ya koperative ombi ni lile lile: mradi utupe vifaa na pesa kidogo, tuchimbe mfereji mkubwa katikati, maji yaende, ile potopoto nyeusi igeuke shamba. Sisi wa mashirika tumekubali mara nyingi. Kwenye ripoti tulihesabu mita za mifereji kama vile watu wanahesabu magunia. Leo tunasema wazi kwamba tulikosea. Si kwa mifereji yote, bali kwa ile inayokata bonde katikati mpaka panakauka kabisa.

Kuna jambo moja kuhusu potopoto hiyo ambalo hatukuwaeleza vya kutosha.

Chini ya maji hewa haifiki, kwa hiyo majani na mizizi haviozi vizuri. Vinalala tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, pamoja na chavua, yaani ule unga wa maua, na vipande vya makaa ya moto wa zamani. Watafiti wanashindilia bomba la chuma mpaka chini, wanalivuta na matope yake ndani, kisha wanayakata vipande vidogo na kutazama kila kipande kwa darubini. Chavua ya majani ya mbuga ikizidi ile ya miti ya msitu, mara nyingi ni alama ya ukavu. Makaa mengi yanaonyesha moto. Umri wanaupata kwa kupima kaboni 14, inayopungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi. Basi ukishuka chini, unarudi nyuma.

Yaliyopatikana kwa njia hiyo yanatuhusu sisi hapa. Chini ya Ziwa Albert, lile la Kasenyi na Tchomia tunakopata samaki, mabomba yalikuta udongo wa nchi kavu katikati ya matope ya ziwa, tena mara mbili. Maana yake, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, mahali ambapo leo pirogi zinapita palikuwa nchi kavu. Ziwa Victoria nalo lilikauka katika zama zile. Na tusidhani ni mambo ya kale sana tu: matope ya Ziwa Edouard yanaonyesha ukame mkali karibu miaka 2,000 iliyopita, wakati watu walikuwa tayari wanalima katika sehemu hizi za Afrika. Hata pango la Matupi kule Mlima Hoyo, ambalo leo liko msituni, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ndani yake mifupa ya wanyama wa mbuga.

Wazee wetu wanasema, "Mvua haiko tena kama zamani." Ni kweli, lakini zamani ya mzee ni miaka sabini. Vituo vya kupima mvua ni vichache, na miaka ya vita imeacha mapengo kwenye madaftari. Kwa hiyo tukipanga kalenda ya kupanda tukitegemea kwamba mvua itarudi njia yake ya kawaida, tunategemea kumbukumbu fupi mno. Potopoto inasema kwamba nchi hii inaweza kukauka kwa muda unaopita maisha ya mtu, na bonde lenye maji ndilo akiba ya kwanza siku hiyo ikifika.

Sasa angalieni yaliyotokea kwa jirani. Kwenye vinamasi vikubwa vya katikati ya bonde la Mto Kongo, watafiti walitoa matope upande wa Kongo-Brazzaville, na mwaka 2022 wakatangaza kitu cha ajabu: udongo wa kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita karibu wote haupo. Hakuna aliyeuchimba. Hali ya hewa ilikauka, maji yakashuka, hewa ikaingia, na tabaka zilizokuwa zimelala salama zikaoza zikaenda hewani. Kile ambacho ukame ulifanya kule kwa miaka mingi sana, mfereji wetu unakifanya kwa misimu michache. Wenye mashamba katika mabonde yaliyokaushwa wanajua mwendo wake: mwaka wa kwanza mboga zinanenepa kweli, halafu udongo mweusi unashuka, unapasuka, ukiwashwa moto unafuka siku nyingi, na mwisho linabaki tope gumu la kufyatulia matofali.

Tunajua kwamba kusema "acheni katikati" ni rahisi kwa mtu anayelipwa mshahara. Kuna familia zilizokimbia Djugu ambazo kipande cha bondeni ndicho shamba lao lote. Hatuwaombi watu hao watoke. Kama kipande chao kiko katikati, koperative iwatafutie nafasi pembeni kwanza, kabla ya kugawia wanachama wengine sehemu ya pili, na mradi ulipie kazi ya kuhama. Hapo ndipo pesa za mifereji zinapaswa kwenda.

Mengine hayagharimu sana. Limeni pembeni mwa bonde, na katikati, pale maji yanaposimama hata Januari, paacheni na mafunjo yake. Mifereji iliyopo izibwe kwa ubao na udongo mvua inapokatika, maji yakae juu kidogo. Udongo mweusi msiuchome. Wafyatua matofali wapewe mahali pengine, na jambo hilo liandikwe kwenye sheria ya koperative, maana maneno ya mdomo yanasahaulika bei ya matofali ikipanda.

Na siku wageni wakifika na bomba lao la chuma, msiwafukuze, ila msiwaachie tu waende. Waombeni waache majibu Chuo Kikuu cha Bunia au INERA Nioka, na warudi kuwaeleza kwa Kiswahili walichokuta kwenye bonde lenu. Tope ni lenu.