Uchachu wa Brussels ni Ladha, wa Nyahanga ni Uchafu?

Wadau, leo nina ugomvi na sisi wenyewe, wasomi wa mjini.

Bia chachu za Ulaya zimekuwa fasheni. Mtu anashika glasi, ananusa, anafumba macho, anasifu. Mtajie pombe ya mtama ya hapa Nyahanga, Kahama, anakunja uso: "Si ile iliyochacha?" Ndugu yangu, hiyo ni kasumba!

Tuangalie mambo yenyewe. Pale Brussels kuna kiwanda kinaitwa Cantillon, kipo tangu 1900. Wanachemsha shayiri na ngano, wanayaacha maji yake wazi usiku kucha ili hamira na bakteria wa hewani waingie, kisha wanayalaza kwenye mapipa ya mbao. Bia inatoka chachu, watu wanaisafiria.

Mama zetu je? Mtama unalowekwa, unachipua, unaanikwa, unasagwa. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, hamira inaleta kilevi, na bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wa maziwa mgando, wanaleta uchachu. Sayansi ni ileile. Kilichobadilika ni chupa na bei.

Mimi nimeionja kwa makini. Rangi ni ya udongo mwekundu, povu lipo, harufu ni ya uji uliolala. Utamu wa kimea unatangulia, halafu unakuja uchachu kama wa ukwaju, unaosafisha ulimi. Ikiwa changa ni kinywaji cha heshima. Ikikaa sana inakuwa siki, na hiyo simshauri mtu. Kuonja ndiko huko: zuri useme, baya useme.

Sisemi kila kopo ni salama. Januari 2015 kule Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji; uchunguzi ulikuta sumu ya bakteria, na unga wa mahindi ulioharibika ndio ulioshukiwa. Basi tudai nafaka safi, maji safi na mapipa safi. Tudai mkaguzi anayefundisha, siyo wa kuja kumwaga tu. Na tuache kuichanganya na gongo. Gongo ni mvuke uliokusanywa, na sheria imeikataza.

Kwa wapikaji wengi pombe hii ndiyo ada ya shule na kodi ya chumba. Tukiidharau bila hata kuionja, tunadharau ujuzi wao, kisha tunalipa maelfu kununua ujuzi huohuo kwa mgeni.

Sasa nani mshamba hapo?