Nyoka wa kuogopwa si wa mlimani

Ligi ikisimama, vikundi vya mazoezi vya mashabiki hujaza mabasi kwenda kupanda Uluguru, Usambara au Meru. Na kila safari ikitangazwa, swali la kwanza ni lilelile: nyoka je?

Tuseme ukweli. Nyoka wenye sumu wapo: koboko, swila, kifutu. Lakini anayetembea mchana kwenye njia iliyo wazi, kavaa buti na suruali ndefu, huumwa kwa nadra sana. Nyoka husikia mtikisiko wa ardhi, na wengi huondoka kabla hujawaona.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi si wapanda milima. Ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Hapo ndipo soka linapoingia. Mechi za Ulaya zinaisha saa sita, saa saba usiku. Vijana wanatoka kibanda umiza na kandambili miguuni, wanabishana kuhusu penalti, wanakatiza shamba la mahindi gizani. Kifutu hana haraka ya kukimbia. Hulala kimya njiani akitegemea rangi yake, na ukimkanyaga anauma. Mchana nako, mtoto anaingiza mkono kwenye nyasi ndefu nyuma ya goli kutafuta mpira.

Ndugu shabiki, simu unayowekea mkeka ina tochi. Iwashe. Vaa viatu. Nanyi viongozi wa timu za mtaani, kabla ya kumwaga chokaa uwanjani, fyekeni nyasi za pembeni. Mpira ukiingia kichakani, utolewe kwa fimbo, siyo kwa mkono.

Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye, msimfunge kamba. Mvueni pete na viatu, mtulizeni, asitembee, mbebeni hadi hospitali haraka. Msipoteze muda kumsaka nyoka.

Kwa Serikali tunasema hivi: dawa ya sumu ya nyoka iwepo karibu na wanakoishi wakulima, si mjini tu. Majeruhi akifika amechelewa, hakuna dakika za nyongeza.

Mlimani nendeni bila hofu. Usiku wa mechi ndio wa kuangalia mguu unapokanyaga.