Homa ya Ini na Watoto Wetu wa Mpakani

Katika ofisi zetu za Tunduma na Vwawa, mtoto wa mwenzetu akipatwa na homa, shauri la kwanza litolewalo ni malaria. Macho yake yakigeuka manjano, shauri la pili ni kwamba amerogwa, au apelekwe kwa mzee ajuaye mizizi. Twaona haya kuyaandika mambo hayo mbele ya watu waliosoma, walakini ndivyo yalivyo. Malaria nayo yaweza kuleta umanjano, kwa hiyo damu ipimwe kwanza. Lakini kipimo kikionyesha kuwa si malaria, yapasa tufikiri habari ya ini.

Maradhi tunayoyanena hasa ni homa ya ini aina ya A. Virusi vyake hutoka na choo cha mgonjwa, vikaingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa chakula au kwa mikono isiyonawiwa. Tangu viingie hata dalili zionekane hupita yapata siku 14 hata 28, hivyo kumwuliza mama mtoto alikula nini jana ni kupoteza wakati. Dalili ni homa, uchovu, kichefuchefu, kuchukia chakula, mkojo wa rangi ya chai nzito, kinyesi cheupe, kisha macho ya manjano. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Mtoto apumzishwe na kunyweshwa. Asipewe vidonge vya homa kupita kipimo, wala mizizi, kwa maana ini ndilo lishughulikalo na sumu za mwilini, nasi twaliongezea mzigo hali li hoi. Watoto walio wengi hupona kabisa, na aliyepona hashikwi tena na aina hiyo maishani mwake. Akianza kusinzia ovyo, kupayuka, kutapika pasipo kukoma au kutokwa na damu, isingojewe asubuhi: apelekwe hospitali.

Liko jambo ambalo hata baadhi ya walimu hawajalielewa. Mtoto wa chini ya miaka 6 aghalabu hushikwa asigeuke manjano hata kidogo. Huonekana kama mwenye tumbo la kawaida, au haonekani mgonjwa kabisa, huku choo chake kimejaa virusi. Tena yule ageukaye manjano huambukiza zaidi katika majuma mawili yaliyotangulia umanjano wenyewe. Basi shule kumrudisha nyumbani mtoto mwenye macho ya manjano, ikadhani hatari imeondoka naye, ni kujidanganya. Alichoacha darasani amekwisha kukiacha.

La pili ni gumu zaidi, nalo latuhusu sisi watumishi kuliko wengine. Wazee wetu wa Mbozi, Ileje na nchi ya chini ya Rukwa wengi wao waliyapata maradhi haya utotoni pasipo kujua, wakawa na kinga. Watoto wetu tunaowalea kwa maji ya kuchemsha hawayapati mapema. Lakini waendapo shule ya bweni, au wanunuapo barafu na maembe yaliyokatwa stendi, hukutana nayo wakiwa na miaka 12 au 15. Na kadiri umri uzidivyo ndivyo maradhi yazidivyo ukali. Usafi wa nusu hausogezi ugonjwa ila mbele. Watatokea watakaosema, basi afadhali watoto wanywe maji ya mtoni. Hatukubali. Maji yaletayo homa ya ini ndiyo yaletayo kipindupindu na kuhara, ambako huua wachanga wengi zaidi. Usafi utimizwe, usiachwe.

Na hapa petu kuutimiza si kazi nyepesi. Mkoa wa Songwe ulikuwa na watu zaidi ya 1,300,000 katika hesabu ya mwaka 2022, na Tunduma ni mlango wa malori ya Zambia na Kongo, na reli ya TAZARA nayo yapita hapo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kilirahisisha kazi ya hati, walakini virusi havigongewi muhuri, na watoto wa Tunduma na Nakonde hucheza pamoja. Maji mengi hununuliwa kwa madumu, na mchuuzi haulizwi ameyateka wapi. Yachemshwe hata yatokote, yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Mikono inawiwe kwa sabuni na maji ya kutiririka. Ile dawa ya spiriti ya kupaka, tuliyoizoea tangu mwaka 2020, haiviwezi virusi hivi kama sabuni. Kibuyu chirizi hakigharimu kitu. Shuleni ndoo ya kunawia aghalabu ipo. Kisichokuwapo ni sabuni, kwa kuwa ndoo hununuliwa mara moja ikapigwa picha, na sabuni hutakiwa kila juma.

Kuna na homa ya ini B, iendayo kwa damu na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Hiyo haipoi upesi: katika wachanga 10 walioambukizwa, yapata 9 hubaki nayo miaka mingi, na mwisho wake waweza kuwa saratani ya ini. Chanjo yake hutolewa nchini tangu mwaka 2002, na sasa imo katika sindano za juma la 6, la 10 na la 14. Akina baba, fungueni kadi za watoto mzisome. Makarani wasomao majalada ya watu kutwa nzima hawashindwi na kadi moja.

Chanjo ya aina ya A ipo duniani, ila haimo katika orodha ya chanjo za kawaida za watoto wetu. Argentina iliianza mwaka 2005, dozi moja kwa watoto wa mwaka mmoja, na kwa miaka iliyofuata watoto waliohitaji kubadilishiwa ini kwa sababu ya maradhi hayo walitoweka. Hatusemi Serikali iinunue kesho. Zipo haja zitanguliazo. Twasema jambo hili liulizwe kwa Mganga Mkuu wa Mkoa kwa barua ya chama, na wanachama walio katika kamati za shule wadai fungu la sabuni liandikwe katika makisio peke yake, lisifichwe chini ya "mengineyo." Twaomba liwekwe katika mambo ya mkutano ujao, kabla ya hesabu za sherehe.