Mgeni wa Rumanyika na Picha Tusizoziona

Mwezi Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant, maofisa wa jeshi la Waingereza nchini India, walipokelewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki kwa mwenyeji wake hadi Aprili. Vitabu vyetu vya shule humkumbuka Speke kwa ajili ya chanzo cha Nile. Mimi naona kwamba Karagwe na Kyerwa zina sababu ya kumsoma zaidi yule aliyebaki.

Grant alikuwa mtaalamu wa mimea na mchoraji. Mimea aliyoikusanya safarini ilifika Kew, London, na maelezo yake yakachapishwa na Linnean Society katika miaka ya 1870. Picha zake za rangi za maji, zenye watu, mimea na mandhari ya nchi alizopita, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Wapo watakaosema picha ni pambo tu. Wautazame mkasa wa Mfumbiro. Speke aliiona milima hiyo kwa mbali akiwa Karagwe, akaitia katika ramani pasipo kuifikia. Mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi hizi, mkataba wao uliutaja Mlima Mfumbiro kwa jina na kuuacha upande wa Waingereza, hata kama ungebainika kuwa kusini mwa mstari wa mpaka. Mlima ulioonwa kwa mbali na mpita njia ukawa kifungu cha mkataba. Anayeichora nchi humpa mtawala macho.

Simshitaki Grant kwa wizi. Karatasi ilikuwa yake, na mkono ulikuwa wake. Lakini chakula, ulinzi na makao alivipata kwa wenyeji, na bila wao mgonjwa yule asingechora chochote. Elimu ile ililelewa na wengi, ikatiwa saini na mmoja.

Kwa hiyo ninatoa hoja. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa ziandike barua kuomba nakala za kidijitali za michoro inayohusu eneo letu. Zitundikwe shuleni, na katika hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Wazee waitwe wavitambue vilima na kuitaja mimea kwa Kinyambo. Wanafunzi wa misitu na jiografia wasimame mahali aliposimama mchoraji, walinganishe nchi ya 1861 na hii yenye migomba, kahawa na barabara.

Karatasi zinaweza kubaki Edinburgh. Lakini si haki mtoto wa Bweranyange avuke bahari ndipo aione nchi ya babu yake.