KIPIMO CHA SAA MBILI HAKIMFAI ALIYECHELEWESHWA

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba jina la Sumbawanga ni agizo: tupa uchawi. Agizo hilo halijatimizwa lote. Mtoto huumwa kichwa kwa wiki mbili, akatapika, akakaza shingo, na hatimaye akaanza kuweweseka. Bado wapo wanaokwenda kupiga ramli kabla ya kwenda zahanati. Kumbe huenda ni kifua kikuu kilichofika kwenye utando wa ubongo. Homa hiyo ya uti wa mgongo isipotibiwa huua karibu kila imshikaye, na anayetibiwa kwa kuchelewa huweza kubaki kiziwi, kipofu au kilema.

Kwa miaka mingi tabibu naye alikuwa gizani. Katika maradhi haya vijidudu huwa vichache mno ndani ya maji ya uti wa mgongo. Hadubini mara nyingi haivioni, na kuviotesha maabara huchukua wiki kadhaa ambazo mgonjwa hana. Ndipo ilipopatikana mashine ya GeneXpert. Yenyewe huzidisha vinasaba vya kijidudu hadi vitambulike, kwa muda wa saa mbili hivi, na papo hapo huonyesha kama kina usugu kwa dawa ya rifampisini. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki kitangulie vingine katika kupima maji hayo. Mwaka 2017 likakubali toleo lake lenye uwezo mkubwa zaidi.

Lakini mashine haitembei. Mgonjwa wa Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, hana budi kupandishwa mlima ndipo afike Sumbawanga mjini. Akifika, jamaa huweza kuikataa sindano ya mgongoni kwa hofu ya kupooza. Hofu hiyo haina budi kuondolewa kwa maelezo ya upole: kinachopoozesha ni ugonjwa, wala si sindano. Na maji yatolewe ya kutosha, kwani machache mno huweza kukosa vijidudu.

Wala jibu la "hakuna" lisichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Kipimo hiki nacho huweza kukosea. Dalili zikielekeza huko, dawa zianze bila kungoja.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na kwa ushauri wa Dakta Karel Styblo mpango huo ukawa kielelezo kwa mataifa mengine. Nchi iliyotoa somo hilo haistahili kushindwa na mwinuko wa Lyamba lya Mfipa.

Mwalimu amwonapo mwanafunzi anayesinzia na kulalamika kichwa siku nenda siku rudi, asimwadhibu. Awaite wazazi na kumpeleka kituoni. Mtumishi wa afya ahakikishe kila mtoto anachanjwa BCG anapozaliwa, kwa kuwa chanjo hiyo humkinga na kifua kikuu cha ubongo. Na mwenye dhamana ya bajeti akumbuke kwamba mashine isiyo na umeme, vifaa vya kupimia na gari la kuleta sampuli ni pambo tu la maabara. Hapo ndipo uchawi utakapotupwa kwa vitendo.