Saa nane asubuhi ni saa gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza tovuti za kutolea huduma, na zaidi wakubwa wanaozipokea na kuzilipia bila kuzisoma.

Mdogo wangu aliitwa kwenye usaili. Tangazo kwenye tovuti ya mwajiri, tena kwa Kiswahili, lilisema: "06/08/2025, saa 8:00 asubuhi." Kuna saa nane mchana na saa nane usiku, ya asubuhi haipo. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaona bila shaka ni mchana. Alipofika aliambiwa usaili ulianza saa mbili asubuhi na majina yameshafungwa. Kijana aliyesota mtaani tangu amalize chuo akarudishwa getini kwa kosa lisilo lake.

Najua linavyotokea. Fundi huchukua kiolezo kilichotengenezwa ughaibuni, akabadilisha lugha tu. Neno "asubuhi" linaandikwa, tarakimu inabaki ya Kizungu. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo tofauti ni saa sita kamili, na kompyuta haishindwi kuzitoa au kuzijumlisha. Kinachokosekana ni mtu wa kuiagiza.

Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi siku. 06/08 kwao ni Juni 8, kwetu ni 6 Agosti, na kiolezo hakisemi kinafuata nani. Kwenye tiketi za basi ni hatari zaidi: "12:00 AM" ni saa sita usiku, lakini abiria wengi huisoma saa kumi na mbili alfajiri, wakafika stendi basi limeshaondoka. Hata anayeijua hubaki akijiuliza ni usiku wa kuamkia tarehe ipi.

Kisha kuna saa ya seva. Saa yetu ya Afrika Mashariki iko mbele ya ile ya kimataifa kwa saa tatu. Mfumo usiporekebishwa, malipo ya saa saba usiku tarehe 1 Agosti hutolewa stakabadhi ya tarehe 31 Julai. Mwambie mhasibu akuelewe!

Dawa haihitaji bajeti mpya. Mwezi uandikwe kwa jina, siku ya juma itajwe, saa iandikwe tunavyoisema: Jumatano, 6 Agosti 2025, saa 2:00 asubuhi. Anayetaka mfumo wa saa 24 aongeze 08:00 pembeni, bila kuibandika "asubuhi". Taarifa ya habari hutangazwa saa mbili usiku na nchi nzima inaelewa. Tovuti za umma zina udhuru gani?

Na yule mwajiri awaite tena wote waliofika mchana siku ile. Walifuata Kiswahili alichowaandikia.

Msomaji wako,
Dodoma